Kongoo Kubwa Kuliko Kumbukumbu ya Kompyuta: Mbinu za Kuhesabu na Hatima ya Maumbo Adimu ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Kila fani ina chombo chake, na kila chombo kina mpaka wake. Mvuvi anayeyajua matundu ya wavu wake hujua pia ni samaki gani watakaopenya. Isimu ya leo nayo ina wavu wake, ambao ni kompyuta inayosoma matini kwa mamilioni ya maneno na kutoa orodha, hesabu na mifano. Watumiaji wengi wa orodha hizo huziamini kwa kuwa zimetoka katika mashine, na mashine haina upendeleo. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo ina kasoro. Matini inapozidi uwezo wa kumbukumbu ya kompyuta, ni lazima mtu aamue namna ya kuigawa, kuipanga, kuipunguza au kuichuja. Na uamuzi huo, ambao kwa kawaida huachiwa fundi wa programu, ni uamuzi wa kiisimu.

Mbinu zinazotumika katika hali hiyo zinaweza kuwekwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza huhifadhi kila neno, lakini hulipa gharama ya muda: matini husomwa kidogo kidogo, hupangwa kwa sehemu, kisha sehemu huunganishwa. Kundi la pili huokoa muda na nafasi, lakini hulipa kwa kutupa: huchukua sampuli, au huweka kiwango cha chini ambacho neno lisilokifikia huondolewa. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba, kwa lugha kama Kiswahili ambayo kitenzi chake hubeba viambishi vingi, mbinu za kundi la pili zikitumiwa kama zilivyobuniwa kwa ajili ya Kiingereza hufuta sehemu kubwa ya sarufi yenyewe.

Kabla ya kuendelea, istilahi chache zifafanuliwe. Neno kongoo linatumika hapa kwa maana ya mkusanyiko wa matini halisi uliohifadhiwa kwa ajili ya uchunguzi wa lugha. Tokeo ni kila mara neno linapotokea katika matini. Umbo ni neno hilo likihesabiwa mara moja tu, hata likitokea mara elfu. Hivyo sentensi "Mtoto kwa mtoto, mzee kwa mzee" ina matokeo sita, lakini maumbo matatu tu.

2.0 Meza na Kabati

Kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi au ngamizi, ina mahali pawili pa kuweka data. Pa kwanza ni kumbukumbu, ambayo hufanya kazi kwa haraka lakini ni ndogo. Pa pili ni diski, ambayo ni kubwa lakini hufanya kazi polepole. Mtunga kamusi wa zamani aliufahamu utaratibu huu bila kompyuta. Juu ya meza yake ziliweza kukaa kadi chache alizokuwa akizishughulikia. Kadi nyingine zote zilikaa kabatini. Meza ni kumbukumbu. Kabati ni diski.

Tofauti ya kasi kati ya mahali hapo pawili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuchukua kitu kilichomo katika kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100. Kukifuata kitu kilichoko mahali popote katika diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Kwa mfano wa meza na kabati, ikiwa kuichukua kadi iliyo mezani ni kazi ya sekunde moja, kuifuata iliyo kabatini ni safari ya zaidi ya siku nzima. Diski za kisasa zisizozunguka zimelipunguza pengo hilo, lakini hazijaliondoa. Hata hivyo diski ina jambo moja inaloliweza vizuri: kusoma kwa mfululizo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kurukaruka. Mbinu zote nzuri za kushughulikia data kubwa hutokana na ukweli huo mmoja.

Je, kongoo ya Kiswahili huwa kubwa kiasi gani? Neno la Kiswahili pamoja na nafasi inayolifuata likikadiriwa kuwa na herufi 7, kongoo ya maneno milioni 25 itachukua takriban megabaiti 175. Kompyuta ya mezani ya mwaka 2000 ingelemewa na mzigo huo. Kompyuta ya leo yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au 16 huubeba bila taabu. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba tatizo limekwisha. Halijakwisha, kwa sababu tatu.

Kwanza, matini yenyewe ni sehemu ndogo tu ya kinachohifadhiwa. Mtafiti akitaka kujua ni maneno gani huandamana matatu matatu katika kongoo ya maneno bilioni moja, atakuta kwamba mifuatano mingi hutokea mara moja tu, na kila mmoja unadai nafasi yake. Mifuatano tofauti ikiwa milioni 500, na kila mmoja ukichukua baiti 50, jumla ni gigabaiti 25, ilhali matini iliyozaa mifuatano hiyo ni gigabaiti 7 tu. Pili, Kiswahili kilichomo katika intaneti hakikukaa peke yake. Kimetawanyika ndani ya bahari ya kurasa za lugha nyingine, na anayetaka kukivua hana budi kuipitia bahari yote, ambayo haienei katika kumbukumbu ya mashine yoyote moja. Tatu, lugha si maandishi tu. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa vipimo 16,000 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na baiti 2, huchukua takriban megabaiti 115. Saa 1,000 za mazungumzo huwa gigabaiti 115. Anayetaka kuchunguza kiimbo au lafudhi za mwambao atakutana na mpaka wa kumbukumbu mapema sana.

3.0 Tatizo la Kale

Ifahamike kwamba tatizo hili ni kongwe kuliko kompyuta. Kamusi kuu ya Kiingereza iliyohaririwa na James Murray kuanzia mwaka 1879 ilijengwa kwa vipande vya karatasi vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea, kila kipande kikiwa na neno na sentensi moja. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuvikumbuka vyote. Walichokifanya wahariri ni kuvipanga kialfabeti na kuviweka katika vishubaka, kisha kushughulikia kishubaka kimoja kwa wakati mmoja.

Mfano ulio karibu zaidi na somo hili ni wa padri Mjesuti wa Italia, Roberto Busa. Alikusudia kuorodhesha kila neno katika maandishi ya Thomas Aquinas, ambayo pamoja na matini nyingine alizoziongeza yalikaribia maneno milioni 11. Mwaka 1949 alikutana na Thomas J. Watson wa kampuni ya IBM, akakubaliwa msaada wa mashine. Mashine za wakati huo hazikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhi hata sura moja. Kwa hiyo kila neno lilitobolewa katika kadi yake, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na wanawake vijana, na mashine zikazipanga kadi hizo fungu kwa fungu. Faharasa yake ilichapishwa kati ya mwaka 1974 na 1980 katika juzuu 56.

Jambo la kuzingatia katika kazi ya Busa ni kwamba hakutupa chochote. Alianza na hoja ya kiisimu, kwamba maana ya dhana nzito katika matini ya falsafa hujificha katika maneno madogo kama vihusishi. Mtu mwenye hoja kama hiyo hawezi kukubali kichujio kinachoondoa maneno yanayodharauliwa. Nadharia yake ndiyo iliyochagua mbinu yake.

4.0 Kugawa, Kupanga na Kuunganisha

Mbinu ya msingi ya kundi la kwanza ni kupanga kwa kuunganisha, ambayo aliielezea John von Neumann mwaka 1945. Mwanafunzi wa lugha anaweza kuielewa bila hesabu ngumu.

Chukulia kongoo ya maneno bilioni moja na kompyuta inayoweza kushughulikia maneno milioni 100 tu kwa mara moja. Kongoo hugawanywa katika sehemu 10. Sehemu ya kwanza huletwa mezani, maneno yake hupangwa kialfabeti na kuhesabiwa, kisha orodha iliyopangwa hurudishwa kabatini. Ndivyo inavyofanywa kwa sehemu ya pili mpaka ya kumi. Sasa ziko orodha 10, kila moja ikiwa imepangwa. Hatua ya mwisho ni kuziunganisha. Kwa kuwa kila orodha imekwisha kupangwa, hakuna haja ya kuziweka zote mezani. Hutazamwa neno la juu tu la kila orodha, na linalotangulia kialfabeti ndilo linaloandikwa.

Tuseme orodha ya kwanza inaanza na "akaja 3, kitabu 7, watoto 9", na ya pili "akaja 2, kilichonunuliwa 1, watoto 4". Mashine hutazama vichwa vya orodha zote mbili, ikaona "akaja" na "akaja"; hujumlisha na kuandika "akaja 5". Kisha hutazama "kitabu" na "kilichonunuliwa". Kinachotangulia ni "kilichonunuliwa", huandikwa "1", na safari huendelea. Wakati wote huo yako mezani maneno mawili tu, au kumi orodha zikiwa kumi. Haba na haba hujaza kibaba. Na umbo "kilichonunuliwa", ambalo limetokea mara moja tu katika maneno yote yale, limefika salama mwisho wa safari.

Mbinu hii haihitaji mashine ya fahari. Zana za kupanga na kuhesabu zilizomo katika mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani kuanzia mwaka 1969, huweza kupanga faili kubwa kuliko kumbukumbu kwa utaratibu huu huu. Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa kampuni ya Google walieleza mfumo waliouita MapReduce, unaogawa kazi kwa maelfu ya kompyuta. Ndani yake kuna wazo lile lile la kugawa, kukusanya vinavyofanana, na kujumlisha.

Hata hivyo, katika kugawa pana mtego kwa Kiswahili. Njia inayomjia mtu haraka ni kugawa kazi kwa herufi ya kwanza: mashine moja ishughulikie maneno ya A, nyingine ya B, na kuendelea. Katika lugha ambayo mizizi huanzia mwanzoni mwa neno, ugawaji huo una dosari lakini huvumilika. Katika Kiswahili herufi za mwanzo ni za viambishi. Vitenzi vya nafsi ya tatu umoja huanza na a-, vya wingi na wa-. Nomino na vivumishi hufuata m-, wa-, ki-, vi-. -A unganifu huzaa wa, ya, la, cha, vya, za na kwa. Matokeo yake ni kwamba mashine za A, K, M na W zitaelemewa, huku ile ya G ikimaliza mapema na kukaa bure. Ufumbuzi ni kutumia kanuni ya kihesabu inayoligeuza kila neno kuwa namba, na kugawa kwa namba hiyo badala ya herufi. Mfano huu ni mdogo, lakini unadhihirisha kwamba muundo wa lugha huingia hata katika mambo yanayodhaniwa kuwa ni ya mitambo peke yake.

5.0 Kichujio na Kitenzi

Kundi la pili la mbinu ndilo lenye hatari. Mwaka 1982 Jayadev Misra na David Gries walichapisha utaratibu wa kupata vitu vinavyojirudia sana katika mfululizo mrefu kwa kutumia nafasi chache. Tuseme kuna nafasi 999. Kila neno linalosomwa, kama tayari lina nafasi, huongezewa moja. Kama halina na pana nafasi tupu, hupewa. Kama nafasi zote zimejaa, maneno yote yaliyomo hupunguziwa moja, na lililofikia sifuri hutolewa. Imethibitishwa kihesabu kwamba neno lolote linalochukua zaidi ya sehemu moja ya elfu ya matini litakuwamo mwishoni. Ni utaratibu mzuri na wa haki kwa kazi yake. Lakini katika Kiswahili maneno yanayohakikishiwa nafasi hiyo ni "na", "ya", "wa", "kwa", "ni", "katika" na wenzao. Sarufi ya kitenzi haimo.

Mfano wa kichujio cha wazi ni orodha ya mifuatano ya maneno ya Kiingereza iliyotolewa na Google mwaka 2006. Ilitokana na matokeo zaidi ya trilioni moja. Ili orodha ipungue, neno lililotokea chini ya mara 200 liliondolewa, na mfuatano uliotokea chini ya mara 40 uliondolewa pia. Watayarishaji walivitangaza viwango hivyo, nalo ni jambo la kupongezwa. Swali ni hili: kiwango cha namna hiyo kingefanya nini katika Kiswahili?

Ni kawaida ya kongoo katika lugha zote kwamba maneno machache hutokea mara nyingi mno, na maneno mengi hutokea mara chache mno. Jambo hili lilielezwa na George Kingsley Zipf katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Katika kongoo ya kawaida, maumbo yanayokaribia nusu hutokea mara moja tu. Lakini katika Kiingereza kitenzi cha kawaida kina maumbo manne au matano. Chukua sasa kitenzi "piga" cha Kiswahili. Viambishi vya nafsi na ngeli vinavyoweza kukaa mwanzoni, vikihesabiwa kwa umbo lake la kuandikwa, ni ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku- na pa-, jumla 14. Viambishi vya wakati na hali vikichukuliwa vitano tu, yaani -na-, -li-, -ta-, -me- na -ki-, mchanganyiko huwa 70. Nafasi ya yambwa, ikihesabiwa pamoja na -ji- na pamoja na kuachwa tupu, ina chaguo 15. Mchanganyiko huwa 1,050. Mashina yakichukuliwa sita tu, "piga, pigia, pigwa, pigiwa, pigisha, pigana", hesabu hufika 6,300. Bado hayajatajwa maumbo ya kukanusha, virejeshi, -ka-, -nge-, -ngali- na hu-.

Ni kweli kwamba si michanganyiko yote hiyo inayokubaliwa na sarufi au maana. "Pigana" haichukui yambwa, na hakuna anayetegemea kusikia kila ngeli ikipiga kila ngeli. Ni kweli pia kwamba matumizi hayagawanyiki sawasawa. Lakini mwelekeo ni dhahiri. Kitenzi kikitokea mara 12,600 na matokeo yake yakatawanyika sawasawa katika maumbo 6,300, kila umbo litatokea mara 2. Kichujio cha 200, au hata cha 40, kitakifuta kitenzi hicho chote, ingawa ni miongoni mwa vitenzi vinavyotumika sana. Kwa hali halisi yatabaki maumbo kama "alipiga" na "kupiga", na yatapotea "yaliyowapigia", "asingempigisha" na "tulipopigana". Anayeitazama orodha iliyobaki atahitimisha kwamba Kiswahili ni lugha yenye kitenzi rahisi. Kosa halitakuwa katika hesabu. Hesabu ni sahihi. Kosa liko katika kuhesabu umbo zima mahali palipopaswa kuhesabiwa mofimu.

6.0 Kuchanganua Kabla ya Kuchuja

Njia ya kuliepuka kosa hilo ni kugeuza mpangilio wa kazi: kwanza kuchanganua, kisha kuhesabu, na kuchuja kuwe mwisho, ikibidi. Kiswahili kilibahatika kupata chombo cha kazi hiyo mapema. Baada ya Kimmo Koskenniemi wa Finland kueleza mwaka 1983 nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kujenga kichanganuzi cha Kiswahili, SWATWOL, ambacho hukitenga kitenzi katika viambishi, mzizi na minyambuliko. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo katika toleo lake la pili ilifikia takriban maneno milioni 25 yaliyochanganuliwa.

Kwa upande wa kumbukumbu, kichanganuzi cha aina hii kina faida kubwa: hakihitaji kuiona kongoo yote. Husoma neno au sentensi, hutoa uchanganuzi, huandika, kisha huendelea na inayofuata. Matini ikiwa ndefu mara kumi, muda huongezeka mara kumi, lakini meza hubaki ile ile. Na baada ya kuchanganua, "yaliyowapigia" haihesabiwi tena kama umbo moja adimu. Huhesabiwa kama tokeo moja la mzizi -pig-, moja la mnyambuliko wa kutendea, moja la kirejeshi cha ngeli ya YA, na moja la yambwa -wa-. Vitu vinavyohesabiwa hupungua kutoka mamilioni ya maumbo hadi maelfu machache ya mizizi na viambishi, na vyote huenea katika kumbukumbu ndogo. Hivyo sarufi, ambayo ilikuwa chanzo cha tatizo, hugeuka kuwa ufumbuzi wake.

Pamoja na hayo, kichanganuzi nacho ni wavu wenye matundu. Kwanza, maneno mengi yana utata: "ua" ni sehemu ya mmea, ni uzio, na ni kitenzi, "paa" ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, na ni kitenzi. Pili, kichanganuzi kilichojengwa kwa Kiswahili sanifu husoma lahaja kwa macho ya usanifu. Katika Kiamu "ndoo" huweza kuwa amri ya kumwita mtu aje. Katika Kimvita "kuteka" ni kufurahi kwa kicheko na "mato" ni viungo vya kuonea. Mashine ya usanifu haitasema kwamba haiyajui maneno haya. Itaandika kwamba watu wa Lamu huzungumzia sana vyombo vya maji. Kosa la namna hii ni baya kuliko pengo, kwa kuwa pengo huonekana lakini kosa hili hujificha ndani ya takwimu.

7.0 Sampuli na Kapu

Mbinu nyingine ya kupunguza ni sampuli. Ikiwa urefu wa mfululizo haujulikani, hutumika utaratibu wa kapu, ambao Jeffrey Vitter aliuchunguza kwa kina mwaka 1985. Tuseme kapu lina nafasi 1,000. Sentensi 1,000 za kwanza huingia zote. Sentensi ya 1,001 hupewa nafasi ya 1,000 kati ya 1,001 ya kuingia. Ikiingia, humtoa mwenzake mmoja kwa bahati nasibu. Sentensi ya milioni moja hupewa nafasi ya 1,000 kati ya milioni moja. Mwishoni kila sentensi iliyosomwa inakuwa na fursa sawa ya kubaki kapuni, ingawa hakuna aliyejua mapema zitakuwa ngapi.

Usawa huo, hata hivyo, ni usawa wa sentensi, si wa lugha. Kongoo ikiwa na sentensi 95 za magazeti katika kila 100, kapu nalo litajaa magazeti. Watayarishaji wa kongoo ya Chuo Kikuu cha Brown, W. Nelson Francis na Henry Kučera, walilitambua jambo hili mapema: waligawa maandishi ya Kimarekani ya mwaka 1961 katika aina, wakachukua vipande 500 vya takriban maneno 2,000 kila kimoja kwa uwiano uliopangwa. Kwa Kiswahili busara hiyo ni ya lazima zaidi. Habari za siasa na michezo zinapatikana kwa wingi katika mfumo wa kielektroniki. Miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, iliyohifadhiwa Dar es Salaam na London miongoni mwa mahali pengine, ni michache na sehemu kubwa yake haijaingizwa katika kompyuta kama matini inayosomeka. Maneno kama mkuku, foromali na dasturi ya chombo hutajwa kila siku na mafundi wa majahazi, lakini gazetini huonekana kwa nadra. Kapu moja kwa wote litayaacha nje. Panahitajika makapu mengi: kapu la gazeti, la utenzi, la barua, la mahakama, la baraza, la mazungumzo; kila moja na hesabu yake.

8.0 Yanayopasa Kufanywa

Mambo haya si ya wataalamu wa mitambo peke yao, kwa sababu matokeo yake huwafikia watu wote. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa na TUKI mwaka 1981, uamuzi wa neno gani liingie ulikuwa wa wahariri walioweza kuulizwa na kujibu. Uamuzi huo unapohamia katika kichujio cha programu, hakuna wa kuulizwa. Aidha, tangu mwaka 2016 mifumo ya kutafsiri na kutunga lugha imetumia sana mbinu ya kukata maneno katika vipande vinavyojirudia, ili orodha ya vipande isizidi kiwango kilichowekwa. Vipande hivyo vikiteuliwa kutoka katika kongoo ambayo sehemu kubwa yake ni Kiingereza, kitenzi cha Kiswahili aghalabu hukatwa mahali pasipo na mpaka wa mofimu, na sentensi ya Kiswahili hudai vipande vingi kuliko mwenzake wa Kiingereza. Mzungumzaji wa Kiswahili hulipa gharama ya uamuzi ambao hakushirikishwa.

Mapendekezo manne yanatokana na hoja hizi. Kwanza, kila orodha ya maneno au takwimu ya kongoo inayochapishwa itaje wazi kiwango cha chini kilichotumika, mahali kilipotumika, na idadi ya maumbo yaliyoondolewa. Pili, uchanganuzi wa mofolojia utangulie uchujaji wowote, na maneno yasiyotambuliwa na kichanganuzi yawekwe katika orodha yake, yasilazimishwe kufanana na yanayojulikana. Tatu, kila tokeo libaki na anwani yake: mahali, mwaka, aina ya matini na lahaja. Anwani hizo huongeza ukubwa wa data, lakini mbinu ya kugawa na kuunganisha hubeba ukubwa huo bila kutupa. Nne, wanafunzi wa Kiswahili wafundishwe mbinu hiyo kama wanavyofundishwa fonolojia. Kompyuta ya kawaida, umeme wa usiku mmoja na subira vinatosha kupanga maneno bilioni moja. Hoja ya kwamba vyuo vya Afrika Mashariki haviwezi kufanya uchunguzi wa kongoo kubwa kwa kukosa mashine kubwa haina msingi wa kutosha. Busa alikuwa na kadi.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mpaka wa kumbukumbu haumlazimishi mtafiti kutupa, humlazimisha kuchagua. Anaweza kulipa kwa muda na kuhifadhi kila umbo, au kulipa kwa maumbo na kuokoa muda. Katika lugha yenye kitenzi chepesi, malipo ya pili ni madogo. Katika Kiswahili ni makubwa, kwa sababu umbo adimu si taka za matini. Ndimo virejeshi, minyambuliko, ngeli na lahaja vinamokutana. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Umbo lililotokea mara moja katika maneno bilioni moja ni mwiba mdogo, lakini alilitamka mtu, kwa sarufi aliyoirithi, na aliyemsikia alimwelewa. Wajibu wa isimu ya Kiswahili ni kuhakikisha kwamba mashine zinazoisoma lugha hii zinafika mwisho wa orodha zikiwa bado nalo.